Mgonjwa ana wadudu sugu, wenzangu hawamsogelei: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo metroni. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji wanaume mkoani Njombe, mwaka wa tatu kazini. Tuna kijana wa kwenye mbao, gogo lilimponda mguu msituni, sasa yuko nasi wiki ya tano. Kidonda hakifungi. Majibu ya maabara yalirudi na bakteria aitwaye Klebsiella, herufi R (dawa haimwezi) karibu kila mstari, zimebaki antibaiotiki mbili tu, meropenemu na amikasini. Tangu siku hiyo wenzangu wanamkwepa. Chakula kinaachwa mlangoni, kidonda nasafisha mimi peke yangu, na mwenzangu mmoja anameza vidonge vya antibaiotiki, azithromaisini, za kujikinga. Nina mtoto wa miezi saba ninayemnyonyesha. Mama mkwe amesikia habari hizi na anataka nilale chumba kingine. Je, nitampelekea mwanangu wadudu hao? Na wenzangu niwaambie nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mtoto, maana najua hayo mengine hutayasoma vizuri mpaka moyo utulie. Endelea kunyonyesha. Lala na mwanao kama mlivyokuwa mkilala. Klebsiella wa kwenye kidonda hapeperuki hewani akakufuata nyumbani. Makazi yake ya kawaida ni utumbo wa binadamu, na anasafiri kwa mikono na kwa vitu vilivyoshikwa na mikono hiyo. Mtu mwenye afya anaweza kuwa naye tumboni hata miezi, asijue, asiumwe, na mwishowe akaondoka bila dawa yoyote. Huyo ni mbebaji, si mgonjwa. Anayeumwa ni yule ambaye mwili wake umefunguliwa mlango: kidonda kikubwa, mpira wa mkojo, kanula (kibomba cha dripu mshipani) iliyokaa siku nyingi, mashine ya kupumulia, kichanga njiti. Mtoto wa miezi saba aliyezaliwa kwa wakati na anayekua vizuri hayumo kwenye orodha hiyo.

Unachotakiwa kufanya kabla ya kumshika ni kidogo, ila kifanyike kila siku. Nawa kwa sabuni unapotoka zamu. Sare ivue kazini, itie kwenye mfuko wake, isichanganywe na nepi. Ifue kwa maji ya moto na sabuni, ianike, kisha ipige pasi. Njombe ya Juni na Julai jua lenyewe ni la kuomba, kwa hiyo pasi usiiache. Viatu vya wodini vibaki wodini. Halafu simu. Umeme ukikatika sote tunamulikia kidonda kwa simu, tunairudisha mfukoni, jioni mtoto anaing'ata. Kama mama mkwe anataka kukukagua kitu, aanzie kwenye simu, chumba cha kulala akiache.

Mwenzako anayemeza azithromaisini mwambie aache leo. Vidonge hivyo havimuui Klebsiella huyo. Vinachoua ni wadudu wema wa tumboni ambao ndio walikuwa wameshika nafasi, na nafasi ikiwa wazi mdudu sugu akipita anapata pa kukaa. Anamfagilia uwanja yule yule anayemkimbia.

Sasa hofu ya wodi. Nimeiona mara nyingi mno kuweza kuicheka. Nadhani kwetu sisi wa nyanda za juu neno "sugu" lilituingia kwa mlango wa kifua kikuu. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu walianza kutibiwa hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 2009, na kwa miaka mgonjwa wa Mbeya au Iringa ilimbidi asafiri nchi nzima kwenda kulazwa huko, kabla matibabu hayajasogezwa mikoani. Tulimwona mtu akiondoka na barakoa, na ndugu wakimuaga kwa mbali. Basi karatasi ya maabara ikija na neno hilo, mwili wa muuguzi unakumbuka yale. Lakini kifua kikuu huenda kwa hewa, na ndiyo sababu kinataka barakoa ya N95 na madirisha wazi. Klebsiella wa kidondani anataka mguso. Hofu yenu imeazimwa kutoka kwenye ugonjwa mwingine, na ubaya wa hofu ya kuazima ni kwamba inakulinda mahali pasipo na hatari, inakuacha uchi pale ilipo.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Nilikuwa muuguzi kijana katika hospitali moja ya huku kwetu. Tulikuwa na bibi aliyeungua, kanga yake ilishika moto wa jiko la mkaa asubuhi ya baridi. Kidonda kilikuwa mgongoni na mkononi. Siku moja nikafungua bandeji nikakuta gozi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, imegeuka kijani, kijani ya majani mabichi ya njegere, na harufu tamu tamu inayokera. Yule ni bakteria aitwaye Pseudomonas, ukishamwona hivyo mara moja humsahau. Dawa tulizokuwa nazo hazikumgusa. Tukamhamishia chumba cha mwisho, karibu na stoo. Hakuna aliyemweleza sababu. Tulikuwa tukiingia watu wawili kwa siku, haraka haraka, glavu juu ya glavu. Siku ya nne akaniomba aitiwe mjukuu wake, amwoneshe mpaka wa shamba kabla hajafa. Kumbe alikuwa ameelewa kwamba kile chumba ndicho cha kufia. Hali yake haikuwa ya kufa hata kidogo. Kosa lilikuwa letu, tulimhamisha bila neno.

Na huku tukimkwepa hivyo, wiki mbili baadaye gozi ya kijani ikatokea kwa wagonjwa wawili wa wodi kubwa, ambao hawakuwahi kukanyaga chumba chake. Tuliulizana sana. Mpaka daktari mmoja mzee akakaa kwenye benchi akatutazama tunavyofanya kazi asubuhi nzima, hasemi kitu. Alichokiona ni plasta. Unajua tunavyofanya: kabla ya kuanza raundi ya vidonda unakata vipande vya plasta kumi, kumi na tano, unavibandika kwenye ukingo wa toroli vikiwa vinaning'inia, ili usihangaike na mkasi ukiwa umevaa glavu. Tunachota kipande kwa glavu yenye usaha, kidole kinagusa na kipande cha pili na cha tatu, kisha toroli inasukumwa hadi kitanda kingine. Roli yenyewe ya plasta inaingia mfuko wa gauni. Kwa bibi tulikuwa tukivaa glavu mbili, halafu plasta iliyotoka kwake tunambandika jirani.

Siwezi kukuapia kuwa ni plasta peke yake. Hatukuwa na maabara ya kulinganisha wadudu. Lakini tulipoanza kumpa kila mgonjwa roli yake, na bibi akasafishwa wa mwisho kwa vifaa vyake, hatukupata mwingine mwezi ule.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, sitakwambia anza na gauni wala kiatu cha plastiki. Anza na mpangilio wa raundi. Vidonda safi kwanza, huyo kijana wa mwisho. Kipima presha, kipima joto, mkasi, plasta, chupa ya maji ya chumvi viwe vyake, vikae mezani kwake, visitembee. Kama hamna chumba cha peke yake, na najua wodi nyingi hazina, mpeni kitanda cha pembeni kisichopakana na mwenye kidonda kibichi au mpira wa mkojo, pengo lisipungue mita moja. Akirudishwa tiata (chumba cha upasuaji), semeni mapema ili awe wa mwisho kwenye orodha ya siku. Akipewa rufaa, jambo la mdudu huyu liandikwe kwenye barua na lisemwe kwa simu. Mbeya ndiyo iliyokuwa hospitali ya kwanza nchini kujaribu 5S, ule utaratibu wa kupanga mahali pa kazi, mwaka 2007, na wengi wetu tulifundishwa Sasambua, Seti, Safisha mpaka tukachoka. Kazi ya toroli ni hiyo hiyo, safari hii kuna sababu unayoweza kuigusa.

Mikono ndiyo sehemu ndefu. Glavu haichukui nafasi ya kunawa: ina vitundu usivyoviona, na ukiivua vibaya unajipaka. Nyakati za kunawa ni tano: kabla ya kumgusa, kabla ya kugusa kidonda au kanula, baada ya majimaji ya mwili, baada ya kumgusa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka hata kama yeye hukumgusa. Huo wakati wa tano ndio unaosahauliwa na kila mtu, madaktari wakiwa mbele. Anakuja, anasoma faili, anaegemea reli ya kitanda, anasema "endeleeni hivyo hivyo", anaondoka na reli mkononi.

Halafu kuna jambo ambalo mafunzo ya Dar es Salaam hayalitaji: baridi. Saa kumi na mbili asubuhi maji ya bomba huko kwenu yanauma mpaka kwenye mfupa. Mtu hatanawa mara arobaini kwa zamu kwa maji yale, na kumgombeza hakusaidii. Ngozi inapasuka, na ngozi iliyopasuka inabeba wadudu kuliko ngozi nzima. Ndiyo maana nasema spiriti ya mikono kwenu ni ya lazima. Famasia yenu inaweza kuichanganya yenyewe kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani: kwa lita 10, ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi ifike lita 10. Inawekwa saa 72 kabla ya kutumika. Gliserini imo humo makusudi kwa ajili ya ngozi, kwa hiyo atakayekwambia spiriti inakausha mikono mwulize anatumia ya wapi. Paka ya kutosha, sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke yenyewe, usiifutie kwenye gauni. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, hapo hakuna njia, ni maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Mkiweza kupata jagi la maji ya uvuguvugu kwenye zamu ya asubuhi, litawanawisha watu kuliko bango lolote ukutani.

Usimsahau mama wa usafi. Kwenye wodi nyingi majibu ya maabara anayasikia wa mwisho, tena kwa minong'ono, na ndiye anayepiga deki. Kama mopa inaanzia chumba cha kijana kisha inaendelea kwa wengine kwa ndoo ile ile, kazi yenu yote imekwenda na maji. Mwite, mkalishe, mweleze kama unavyomweleza daktari. Chumba hicho kiwe cha mwisho na kiwe na kitambaa chake. Reli za kitanda, meza, kitasa na swichi vifutwe kila siku, kwa sabuni kwanza, maana klorini hupotezea nguvu zake kwenye uchafu. Klorini ni ya asilimia 0.5: kama chupa imeandikwa 3.5, ni kipimo kimoja cha dawa kwa sita vya maji, na ichanganywe upya kila siku. Ndoo ya juzi ni harufu tu. Na mpeni glavu nzito. Nimewahi kuona mama wa usafi ananawa kwa klorini ile ile ya sakafuni kwa sababu alidhani ndiyo kinga yake. Mikono ilikuwa imebabuka, na hakuna aliyemuuliza.

Kuhusu karatasi yenyewe, nikuombe mwangalie tena mkiwa na daktari wake. R ina maana mdudu anaishinda dawa, S dawa inamweza. Lakini ukipangusa juu ya kidonda cha wiki tano lazima maabara ioteshe kitu, hata kidonda kingekuwa kinapona. Swali ni kama mdudu huyo anamuumiza. Ana homa? Wekundu unapanda? Usaha unaongezeka, maumivu yamebadilika, mfupa umeguswa? Kama jibu ni hapana, huenda anachohitaji ni kurudishwa tiata kuondolewa nyama iliyokufa na kipande chochote cha gome kilichobaki ndani, kidonda kisafishwe, ale mayai na maharage, bila meropenemu hata sindano moja. Kama jibu ni ndiyo, basi meropenemu ianze kwa kipimo kamili na siku zihesabiwe tangu mwanzo. Dawa hiyo ni ghali na nimeona ndugu wakiuza mahindi ya msimu mzima kwa ajili yake. Kabla hawajauza, kuwe na uhakika kwamba inahitajika. Isitoshe, wapo Klebsiella wanaoishinda hata hiyo meropenemu.

Hapa kuna la kukiri baina yetu. Kijana huyu, nakisia, aliwekewa sindano ya antibaiotiki, seftriaksoni, siku aliyofika na ikaendelea mpaka mtu akakumbuka kuisimamisha. Ndivyo tunavyofanya karibu kila wodi ya upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilipogawa antibaiotiki makundi matatu mwaka 2017, seftriaksoni iliwekwa kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa tahadhari. Kwetu imekuwa kama dripu ya maji. Na ile dozi ya kinga kabla ya upasuaji ni ya kabla, haistahili kuendelezwa siku tano baada ya kushona. Silisemi hili uende ukamlaumu mtu. Nalisema kwa sababu wauguzi wengi huwa na hisia kwamba mgonjwa ndiye aliyewaletea balaa, na mara nyingi mdudu huyo amempata humo humo wodini.

Wenzako usiwaitie semina. Watu wanaoogopa wakikalishwa darasani hutikisa kichwa wakaendelea kuogopa. Muombe mmoja tu, yule anayesikilizwa zaidi, aingie nawe kesho kusafisha kidonda. Avae aproni na glavu, basi, barakoa ikihitajika ni kwa maji yanayoruka mnapoosha kidonda. Aone unavyovua glavu, unavyosugua spiriti, unavyotoka ukiwa umeacha kila kitu ndani. Keshokutwa aongoze yeye. Na sahani ya chakula ipelekwe mezani kwa mgonjwa. Kuhusu zamu, zungumza na in-charge wako, msimamizi wa wodi, waziwazi: mtu mmoja kusafisha kidonda kimoja wiki tano ni adhabu, na mtu aliyechoka ndiye anayeruka kunawa.

Kijana mwenyewe naye anastahili maelezo, tena ya mtu aliyevuta kiti akakaa. Atakwambia "mwili wangu umezoea dawa", ndivyo watu wetu wanavyosema, na hapo ndipo pa kumrekebisha taratibu: mwili wake haujazoea kitu, waliozoea ni wadudu. Tofauti hiyo ni kubwa kwake. Anayedhani mwili umezoea hujiona ameharibika kabisa. Mwambie kwa nini yuko pembeni, mwambie ni hatua ya vifaa na mikono, na kwamba akipona ataondoka. Asikae ndani tu. Akiota jua barazani kidonda kikiwa kimefunikwa vizuri na mikono imenawiwa, hamdhuru mtu.

Ndugu wanaomuuguza wasiende kusaidia kitanda cha jirani, hata kama ni jirani wa kijijini na amekosa mtu wa kumnywesha uji. Hilo ni gumu kwa watu wetu, nalijua, kwa hiyo lisemeni kwa heshima na muwe tayari kumnywesha huyo jirani ninyi. Blanketi alilokuja nalo kutoka nyumbani, na huko kwenu hakuna mgonjwa anayelazwa bila blanketi lake, lifuliwe kwa sabuni na kuanikwa mpaka likauke kabisa kabla halijarudi kitandani kwa wadogo zake. Akiruhusiwa atakula sahani moja na ndugu zake, atapeana mikono, atalala na mke kama anaye. Anayembadilishia bandeji anawe kabla na baada. Na siku yoyote akiingia hospitali nyingine, hata kwa jino, aseme alishawahi kuwa na mdudu huyu.

Mama mkwe mpelekee salamu zangu. Mwambie metroni mstaafu wa Mbeya, aliyelea watoto wanne akiwa wodi za vidonda, anasema mtoto alale na mama yake. Na hiyo roli ya plasta iliyoko mfukoni mwa gauni lako sasa hivi, maana najua iko, itoe ukaiweke kwenye meza ya kijana.